Tunu Aenda Kupimwa Akili

"Ukoo huu haujapata kuwa na mwendawazimu," mama mkwe alisema, amesimama mlangoni kumzibia Tunu njia. "Ukienda kupimwa akili, usirudi hapa."

Tunu hakuwa amepata usingizi wa maana tangu ajifungue. "Mama, ninasikia sauti. Inanituma nimtumbukize mtoto kisimani. Leo asubuhi nilimfikisha ukingoni."

"Uvivu wa kulea tu huo."

Tunu alifungua mbeleko, akamtia mwanawe mikononi mwa mwanamke huyo aliyemchukia tangu siku ya posa. Mama mkwe alimtazama Tunu usoni. Kisha akamkumbatia mjukuu kwa nguvu, akampisha.

Tunu alishika njia ya hospitali, maziwa yakimlowesha kifua. Nyuma yake alisikia komeo likitiwa.