Risiti na Rambirambi

Fundi viatu alisukuma malipo ya mwisho ya mkopo wa nyumba chini ya kioo cha kaunta ya benki, miaka sita kabla ya wakati. Tangu mkewe afariki alijifunga mkanda, akawa analipa mara mbili ya kiwango. Hata cherehani ya marehemu aliiuza, alimweleza karani.

Karani alifungua faili, akasita.

"Mzee, mkopo wenu ulikuwa na bima. Mama alipofariki, deni lote lilitakiwa kufutwa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Sisi tungejuaje msiba wako, baba?"

Vidole vyake vyeusi kwa rangi ya viatu vilipekua bahasha ya risiti, vikatoa barua ya rambirambi yenye muhuri wa benki hiyohiyo.

"Isome," alisema. "Kwa sauti, na wakubwa zako wasikie."