Subiri Nivae Miwani

"Mama, mimi ni muuguzi. Mwanao ameanguka shuleni, tunaye hapa hospitali," ilisema sauti ya kike kwenye simu.

Fundi cherehani akamkonyeza mteja wake. Matapeli walishamliza mara moja kwa hadithi hiyo hiyo. Siku hizi akiwanasa, anawachosha mpaka wanakata simu wenyewe.

"Subiri mwanangu, nivae miwani," akasema, na miwani iko puani. Akaweka simu mezani, sauti juu, akashona pindo zima la sketi bila haraka.

"Haya. Ulisema kaanguka nani?"

"Mwanao, mama! Tafadhali..."

"Anza mwanzo. Sikio hili bovu."

Mteja alijiziba mdomo asicheke.

"Sitaki hela yako, mama." Sauti ilianza kutetemeka. "Nataka kujua ni dawa gani zinamdhuru. Namba hii alitutajia mwenyewe, kabla hajanyamaza."

"Nyote ndivyo mnavyosema. Haya, huyo mwanangu kavaa nini?"

"Sare. Shati jeupe..."

"Shule nzima inavaa hivyo!"

"...na kifungo cha juu kimeshonwa kwa uzi mwekundu."

Mguu wa fundi ukaganda kwenye pedeli. Asubuhi mtoto alikuwa mlangoni, amechelewa, naye akashika uzi wowote uliokuwa karibu. "Mtoto wa fundi na aibu hii," alimwambia. "Jioni nitakirekebisha."

"Mama? Bado unanisikia?"

Akapapasa ukosi wa gauni lake. Sindano ilikuwa bado imechomekwa pale, na uzi mwekundu unaning'inia.