Albamu ya Kanali

Simu ililia tena mfukoni mwa Célestin. Akaitoa, akaona jina la ami yake, tonton Osée, akaizima. Leo hakuwa na masikio ya wazee. Leo alikuwa na flashi mkononi, na ndani ya flashi hiyo kisasi chake chote.

Studio ya marehemu kaka yake Jean-Paul ilikuwa chumba kimoja tu pale mtaani Makiso: kompyuta, printa, na ukuta uliojaa picha za maharusi. Mjane wake, Priscille, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, mkoba ukiwa bado begani.

"Mama Benie, nimekuletea programu ya makadre mapya ya kuzungusha picha," Célestin alisema. "Uiweke, albamu ya Kanali itatoka muzuri sana."

"Shemeji, kuko neno moja ninapashwa kukuambia kwanza."

"Utaniambia nyuma."

"Hata kama ni neno ya familia?"

"Zaidi kama ni ya familia."

Priscille akamtazama, kisha akaigeukia kompyuta.

Ni Célestin aliyemfundisha Jean-Paul kushika kamera, enzi walipokuwa wakipiga picha za wasafiri kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka. Kisha Jean-Paul akaoa, na mke huyo akamfukuza Célestin studioni mbele ya wateja, akisema ananuka lotoko, ile gongo ya mahindi. Wateja walicheka. Kicheko kile kilikuwa hakijanyamaza moyoni mwake hadi leo.

Asubuhi hiyo, matanga yakiwa yamekwisha, familia ilikuwa imeketi kugawa vitu vya marehemu. Tonton Osée aliposimama, alianza kwa kumsifu mjane: alivyomuuguza mumewe, alivyoichunga kazi yake. Célestin hakungoja zaidi. Alipiga kiti teke, akatoka. Kama wanampa huyu mwanamke studio, basi atapewa majivu.

Naye alijua pa kuwasha moto. Priscille alizoea kujigamba kwamba kompyuta yake ni ya Linux na virusi vya Windows haviiwezi. Lakini programu ya kutengeneza albamu ilikuwa ya Windows. Jean-Paul aliiendesha ndani ya Linux kwa kutumia Wine, daraja linaloziwezesha programu za Windows kufanya kazi huko. Mpita njia mbaya naye huvuka juu ya daraja hilohilo. Linux yenyewe ingebaki imesimama, ndiyo, ila virusi vingefika kila mahali anapofika mwenye kompyuta: picha, albamu, hata diski iliyochomekwa ubavuni, vikifunga faili moja baada ya jingine. Célestin alikuwa amevijaribu kwenye kompyuta ya rafiki yake. Vilikula kila kitu.

Na siku ilikuwa nzuri ya kuvilisha. Kanali alikuwa amemwoza binti yake, Chimène, na watu wake walikuwa wanakuja kuchukua albamu leo hii. Kanali hakuwa mtu wa kuombwa msamaha.

"Hii kitu haina virus ndani?" Priscille aliuliza, akiipokea flashi.

"Si wewe unasemaka Linux haikamatake virus? Ao umeanza kuogopa?"

Priscille akatabasamu kidogo. Kisha, bila kuombwa, akafungua droo, akatoa diski ya akiba na kuichomeka.

"Makadre iingie na huku," alisema. "Kazi yote ikuwe pamoja."

Célestin alijiuma ulimi asicheke. Tangu asubuhi alikuwa akiumiza kichwa namna ya kuifikia diski ile.

"Ni wewe unasema nifungue, shemeji?"

"Ni mimi."

"Kesho hautasema nilifungua na akili yangu?"

"Fungua, mama. Unatetemeka kama mutoto mbele ya sindano."

Akabofya.

Kwa muda hapakutokea kitu. Kisha majina ya mafaili yakaanza kubadilika, moja hili, kumi yale, kundi zima kwa mara moja. Picha zikawa vijisanduku vitupu. Ubatizo, mahafali, harusi za miaka mingi. Chimène, binti wa Kanali, alitoweka akiwa bado anamlisha mumewe keki. Diski ya akiba nayo ikanguruma hadi ikanyamaza.

Priscille aliinuka polepole. Célestin akakivuta kile kiti cha kaka yake, akaketi, aone vizuri. Alingoja kilio. Alikuwa amekingoja kwa miaka. Mwanamke alisimama tu, akitazama kioo cha kompyuta kama mtu aliye ndani ya nyumba anayetazama mvua.

"Hauna neno leo?" Célestin akamuuliza. "Bon. Kanali akikuja, umuambie yeye pia ananuka lotoko."

"Nitamuambia nini, shemeji? Kazi haiko yangu."

"Ni ya nani sasa? Ya Jean-Paul? Uende umuamushe kule kwenye kaburi."

Jeep ya jeshi ikasimama nje. Askari wawili wakaingia, mmoja akiinama kwa urefu wake asigonge mlango. Akatazama kioo kilichojaa vijisanduku vyeupe, akawatazama wao.

"Album ya mukubwa iko wapi? Patron ya hapa ni nani?"

Célestin akanyoosha kidevu kumwelekea mjane. Hakutaka kupoteza hata tone la utamu wa dakika hiyo.

Priscille akafungua mkoba, akatoa funguo za studio, akaziweka mezani mbele ya Célestin.

"Ilikuwa mimi mpaka asubuhi," akamwambia askari. "Leo familia imekata maneno, studio wamepatia muloko ya marehemu, ndugu yake mudogo: mashini, wateja, na kazi yote iko ndani. Patron ni ule ameikala pale."

Akapita katikati yao, na askari mrefu akaufunga mlango nyuma yake.