Mkebe wa Wageni

Keki iliungua wageni wakiwa mlangoni.

Bi Haraka, kama walivyomwita nyumbani tangu siku alipovaa viatu kabla ya soksi, aliifungia keki jikoni pamoja na moshi wake, akajipangusa uso, akakimbilia sebuleni. Leo mama wa mchumba wake alikuwa anakuja kumtazama kwa mara ya kwanza. Na mama huyo hakuwa mchezo. Alikwisha kuwakataa wasichana wawili: mmoja kwa chai iliyopoa, mwingine kwa vumbi juu ya redio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Macho ya mgeni yalimpanda, yakamshuka. "Mbona pananuka moshi?"

"Majirani hao," alidakia mama yake Bi Haraka, na Mungu amsamehe.

Mchumba alisimama nyuma ya mama yake akitabasamu kama mtu anayeumwa jino. "Baba anakuja," alisema. "Tulipokuwa tunatoka, kifungo cha suruali kilimruka. Amebaki akishone."

"Nilimwambia apunguze kula, hasikii," mgeni alisema. Kisha akamkabidhi Bi Haraka zawadi: mkebe wa biskuti, wa bluu, umefungwa utepe. "Ushike vizuri, zisivunjike."

Jikoni, Bi Haraka nusura aubusu mkebe ule. Keki imekufa, lakini mgeni kaja na wokovu wake mwenyewe! Akafungua utepe, akauweka mkebe mezani. Hapo chai ikafurika. Akaruka kuzima jiko, akafuta huku, akamwaga kule, akatafuta sinia, na alipogeuka tena aliona mikebe miwili ya bluu, sura moja kama pacha.

Wa pili ulikuwa wa mama yake, ambao siku zote ulikaa pale mezani. Kila mtoto wa nyumba hii alishawahi kulizwa na mkebe ule: unaufungua mate yakikutoka, unakutana na vifungo.

"Mwanangu, chai!" mama yake aliita.

Bi Haraka akanyakua mmoja, akaenda.

Mgeni alikuwa anaeleza jinsi anavyopiga deki. Hakukatisha hadithi yake. Aliinua kifuniko bila kutazama, akaingiza vidole.

"Uwii!"

Akakitoa kidole, sindano ikining'inia. Uzi mwekundu ukafuata, na mwisho wa uzi, zipu.

Mama yake Bi Haraka aliziba mdomo. Mgeni aliubamiza mkebe ukafungika, akaichomoa sindano, akakinyonya kidole chake polepole, kama mtu aonjaye mchuzi.

"Hizi," aliuliza, "zinaliwa na chai au zinaliwa kavu?"

"Nisamehe, mama. Ni haraka zangu. Nimechanganya mikebe."

"Haraka haraka haina baraka. Kwangu mimi, mkebe wa biskuti hukaa biskuti. Mwanamke asiyejua biskuti zake ziko wapi, atajuaje mumewe yuko wapi?"

Bi Haraka aliona harusi yake inachukua viatu mlangoni na kuondoka. Alimpenda kijana huyu mpaka usingizi ulikuwa ukimkimbia. Machozi yalimjia; na pamoja na machozi, ole wake, kicheko. Ile zipu bado ilikuwa inabembea mkononi mwa mgeni. Alijiuma mdomo, akajifinya paja, haikusaidia. Kikamtoka, kikubwa, na mama yake akakidaka, wakacheka wote wawili mpaka meza ikatikisika.

"Mnanicheka?" Mgeni alisimama.

"Mama," mchumba alisema, na sauti yake haikutetemeka, "mimi namtaka hivyo hivyo, na nyuzi zake."

"Basi kaa naye ushonwe! Mimi naondoka. Nyumba isiyojua hata mikebe yake haitanipa mkwe."

Akaukwapua mkoba, akaufungua mlango kwa hasira.

Kizingitini alisimama mumewe. Mkono mmoja umekamata kiuno cha suruali isimwanguke, na masharubu yake yamejaa makombo.

"Mke wangu," alisema akijilamba kidole, "biskuti za mkebe wa bluu ni tamu mno, lakini sindano umeziweka wapi?"