Nyasi za Njiani

Masika yalipokwisha, Siwema alikuta nyasi zimeifunika njia ya kwenda kwa jirani yake Hidaya. Zilikuwa zile nyasi ndogo, nyembamba kama nyuzi, ambazo huchipua na mvua, hutoa mbegu, kisha hufa kiangazi kikiingia. Hazitaki mbolea wala kivuli. Zinachotaka ni mahali pasipokanyagwa, basi. Na tangu wagombane, Siwema hakwenda tena kwa Hidaya kuomba moto, wala Hidaya hakuja kwake.

"Nizifyeke?" aliuliza Makame, mumewe, panga mkononi.

"Ziache kwanza."

Kulikuwa na jambo lililomshangaza. Nyasi zilianza mlangoni kwake, zikafika kwenye mpapai uliokuwa katikati ya nyumba zao, zikakoma. Kutoka hapo hadi kwa Hidaya njia ilikuwa tupu.

"Labda udongo wa kule ni mbaya," alisema Siwema.

"Udongo ni huu huu, mke wangu."

Akaenda kutazama. Chini ya mpapai vumbi lilijaa nyayo za mtu mmoja, mpya juu ya za zamani, zote zimefika pale na kugeuka.

Siwema alirudi jikoni. Akaepua chungu cha kunde, akayamwagia maji makaa yote, akaokota kigae na kutoka.

"Unakwenda wapi na kunde hazijaiva?"

"Kwa Hidaya. Moto umenizimikia."

Akaingia nyasini, na nyuma yake zikaanza kulala.