Bawa Lililoburuzwa

King'ora kilipolia asubuhi, Eufemia alifungua madirisha yote, akatoka kusimama uani. Hapa kwetu mdomoni mwa mto Rio Grande, unapoingia baharini, ndivyo tulivyozoea: roketi ikijaribiwa, madirisha huachwa wazi yasipasuke, na mwenye nyumba hungoja nje. Majirani walishahamia mjini. Yeye amekataa mara nne.

Pikapu ya mlinzi wa kituo cha roketi ilikuja kumhimiza aondoke. Ilielekea moja kwa moja kwenye changarawe, pale ndege mdogo wa ufukweni alipotaga mayai matatu.

"We, simama, kuna mayai hapo."

Vioo vya gari vilikuwa vimefungwa. King'ora kilimeza sauti yake.

Ndege akatoka mbele ya magurudumu akiburuza bawa, kama limevunjika. Ndivyo ndege hawa wanavyomvuta mbweha mbali na kiota. Gari halikumjali.

Eufemia alikuwa amechoka hata asiweze kukasirika. Akashika paja, akachechemea kuelekea upande wa pili wa ua, kisha akajiangusha.

Pikapu ikakata kona, ikasimama kando yake.

"Umeumia, bibi?"

"Mguu."

"Ubishi wako huo. Haya, panda nikupeleke hospitali. Na safari hii hurudi, mwanao nitampigia simu mimi mwenyewe aje akuchukue."

Nyuma yao ndege alikunja bawa, akarudi kuyaatamia mayai.

Eufemia akayatazama madirisha yake, yote wazi. Kisha akamshika mlinzi bega, akachechemea hadi garini, kwa mguu uleule.