Marekebisho ya Fredrick

Maneno arobaini aliyoyapitisha Kefa jana yalikuwa yamerekebishwa alfajiri, na jina la mrekebishaji lilikuwa Fredrick.

Kefa akalisoma jina hilo mara ya pili. Fredrick hajaonekana Nduguti tangu Mei, na watu walishasema kakimbilia machimboni.

Wawili hao ndio walioajiriwa kuifundisha programu ya kusomea vitabu kwenye simu. Ikifika mwisho wa mstari ilikuwa inayakata maneno ya Kinyiramba kama ya Kiingereza, ovyo ovyo, kama mlevi anayepasua kuni. Kazi yao ilikuwa kuionyesha pa kukata. Fredrick alipotoweka, usimamizi aliokuwa apewe yeye akapewa Kefa.

Akayatazama tena yale marekebisho. Jamani, Fredrick mtupu! Hakuna herufi moja iliyoachwa peke yake mwishoni mwa mstari. Kwa hilo Fredrick alikuwa mbishi ofisini, mbishi nyumbani, mpaka mkewe akawa anaijua kazi ile kuliko Kefa.

Huyo mkewe, Eliza, aliingia saa nne na chupa ya chai, kama alivyozoea. Akaliona jina kwenye kompyuta.

"Shemeji! Si Fredrick huyu? Yuko hai!" Akapiga kigelegele, machozi yanamtoka. "Nakwenda kuwaambia polisi."

"Ngoja kwanza." Kefa akainuka. "Usimwambie mtu. Niachie mimi nimtafute. Jioni nitakupa jibu."

"Mtafute, shemeji, nakuomba. Watoto wanamuulizia kila siku."

Chai hakuigusa. Aliwasha pikipiki, akakata katikati ya shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa, mpaka kwenye kisima kilichokauka siku nyingi. Akaondoa miiba. Akasukuma mawe, moja baada ya jingine, jasho linamtiririka. Haiwezekani. Haiwezekani kabisa!

Akachungulia. Shati la bluu lilikuwa palepale alipoliacha Mei, na Fredrick ndani yake.

Kefa akashusha pumzi. Alikaribia kucheka, maskini, kwa jinsi alivyojitisha bure.

"Asante, shemeji," akasema Eliza nyuma yake, askari wawili wamesimama naye. "Miezi minne nilikuwa sijui umemweka wapi."